Bampa la Landkruza

Lewis hakushuka garini mara moja. Alipiga honi mpaka mafundi wote wenye vibanda kando ya barabara pale Ukunda wakainua vichwa, ndipo akazunguka nyuma ya pikapu aliyoikodi, akaufungua mlango na kulisukuma bampa kwa mguu. Likaanguka mchangani kwa kishindo. Lilikuwa limepinda katikati kama mtu aliyeshikwa na tumbo.

"Abdulwahab! Kuja uone kazi yako!"

Abdulwahab alikuwa amepiga magoti akikata vyuma vya dirisha. Alilitambua bampa lile kabla hajalifikia. Alilitengeneza mwenyewe si zamani sana: mabomba meusi aliyoyashindilia mchanga ndani yasije yakabonyea, akayapasha moto, akayapinda polepole kwa kuyabana kwenye kisiki cha mnazi, akaumwaga mchanga, akayaunga moja juu ya jingine hata uso wa Landkruza kuukuu ya Lewis, ya kubebea watalii, ukawa kama wa gari la jeshi. Siku lilipofungwa, wapita njia walisimama wakapiga picha. Yeye naye alipiga moja akamtumia mkewe.

"Limefanya nini?"

"Imefanya nini? Imevunja Kaingu! Dere wangu! Tumekwama kwa tope huko juu ya Samburu hii yetu ya Kwale, tukafunga mnyororo kwa bampa, lori ikavuta. Bampa ikang'oka yote, ikaenda na mnyororo, ikampata Kaingu miguu. Alikuwa amesimama hapo katikati anaonyesha dereva wa lori njia. Sahi yuko hospitali ya Msambweni, wamelaza. Wanasema mguu mmoja hauponi. Na wewe uko hapa na madirisha!"

Mafundi walikuwa wameacha nyundo zao. Hata mama mmoja aliyekuwa akilisubiri dirisha lake alisogea nyuma, akaushika mkoba wake kifuani.

"Bwana Lewis," alisema Abdulwahab, "si nilikwambia? Nilikwambia bampa hili ni la kukingia matawi na mbuzi wa njiani, si la kuvutia gari. Nikakwambia ninataka bamba nene la kulishikia kwenye chesi ya gari huko chini, ukasema la nini, watalii wanataka picha tu."

"Fundi ni wewe ama ni mimi?" Lewis alimnyooshea kidole karibu na pua. "Wewe ndiye ulichoma. Nikiitwa na polisi, jina ya kwanza kutoka hapa ni yako. Sikia hiyo."

Pikapu ikaondoka na vumbi lake. Yule mama wa dirisha alisema kwa adabu, "Nitarudi kesho, fundi, inshallah," akaziokota nondo zake moja moja. Abdulwahab akamwona akienda nazo hadi kibanda cha tatu kutoka chake, akazishusha pale.

*

Watu walipotawanyika aliinama akalitazama bampa. Upande wa kushoto, bamba la kushikia lilikuwa limechanika kama kitambaa. Hilo alilitarajia, lilikuwa jembamba, na wembamba wake ulikuwa ubahili wa Lewis. Nafsi yake ikapata nafuu kidogo. Akazunguka upande wa kulia.

Huko bamba lilikuwa zima. Kilichoachia ni mchomo. Ulikuwa umebanduka wote, tangu mwanzo hadi mwisho, ukaacha mstari laini unaong'aa. Chuma hakikuwa kimeshikana na chuma. Ule moto ulikuwa umelamba juu juu tu.

Akaikumbuka siku yenyewe. Umeme ulikuwa unafifia, mashine inakoroma bila kuchoma vizuri, na Lewis amesimama kichwani pake akitazama simu, wageni wanamngoja hotelini. Abdulwahab alijisemea kwamba ataurudia mchomo ule umeme ukipata nguvu. Kisha akapaka rangi nyeusi ya kumeta, ikafunika kila kitu, na gari likaondoka.

Alitafuta gunia, akalifunika bampa. Siku ile hakukata kitu kingine.

*

Mwanarusi, mkewe, alikuwa akichambua mbaazi za biashara ya asubuhi alipoliona bampa likishushwa kwenye mkokoteni mbele ya mlango wao. Alimtazama mumewe usoni, akaziweka mbaazi kando. Habari ya Kaingu ilikwisha kumfikia; Ukunda maneno hayahitaji gari.

Abdulwahab alimweleza yote, na ule mchomo pia. Alikuwa hajui kumficha mkewe jambo, na hata angejua, uso wake ungemsaliti.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza Mwanarusi.

"Mungu."

"Ninakuuliza binadamu, baba Ummi."

"Binadamu hakuna. Ila fundi yeyote akiligeuza na kulitazama, atajua."

Mwanarusi aliinuka akaenda mpaka mlangoni, akahakikisha binti yao Ummi bado yuko kisimani. Aliporudi alisema kwa sauti ya chini, "Basi lisigeuzwe. Lewis alikunyima bamba nene, na bamba limechanika, na hilo ni kweli tupu. Liseme hilo moja. La pili nyamaza."

"Kuna mtu amelala kitandani, Mwanarusi."

"Na kuna watu wamelala humu ndani. Ukifungwa wewe, mimi na Ummi tutalishwa na nani?"

Abdulwahab akashika upande mmoja wa bampa. Wakalibeba wao wawili, wakaliegemeza nyuma ya nyumba karibu na choo, wakalifunika kwa makuti mabovu.

Asubuhi zilizofuata, mahamri aliyouza Mwanarusi pamoja na mbaazi yalirudi nyumbani nusu. Wanawake waliokuwa wakimnunulia kila siku walipita wakiangalia upande wa pili. Mmoja alimwambia waziwazi, "Usinifikirie vibaya, shoga. Mume wangu amesema nyumba yenu ina mkosi sasa hivi." Mwenye kibanda alichokikodi Abdulwahab naye akatuma salamu kwamba kuna fundi kutoka Likoni anayeiulizia nafasi ile.

*

Siku Abdulwahab alipopata moyo wa kwenda Msambweni, Kaingu alikuwa amekwisha kukatwa mguu juu ya goti. Alilala akitazama dari, mwili wake mrefu umeishia mapema chini ya shuka. Mkewe Mbeyu alikuwa ameketi sakafuni juu ya leso. Alitoka kwao Samburu siku ya ajali na hakuwa amerudi. Nguo zake zilikuwa zilezile.

"Salaam aleikum," alisema Abdulwahab mlangoni, tayari kufukuzwa. "Mimi ndimi fundi."

Mbeyu aliinuka. Abdulwahab akajikaza kuupokea ukali wake, lakini mwanamke yule alilivuta karibu benchi dogo lililokuwa kando ya kitanda.

"Karibu, baba. Keti. Umetoka mbali."

"Mgonjwa aendeleaje?"

"Ndivyo unavyomwona. Bosi wake hajakanyaga hapa. Simu hashiki. Wewe ambaye hata si ndugu umekuja." Macho yake yalilowa. "Mungu akubariki."

Abdulwahab aliketi. Kaingu akageuza kichwa juu ya mto.

"Fundi, mimi nilikuwapo siku ya kulifunga bampa nikikaza nati," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nilikusikia ukimkataza. Ukamwambia usivutie gari. Kule matopeni nikamkumbusha, akanambia nifunge mnyororo au nitafute kazi nyingine. Nikafunga."

"Pole, ndugu yangu. Pole sana."

"Utanisemea hayo?"

"Nitayasema."

"Bampa liko wapi?"

"Ninalo. Liko nyumbani."

Mbeyu alishika kifua kwa mikono miwili. "Alhamdu... tushukuru Mungu. Kuna wakili alikuja kumwona mgonjwa wa kitanda kile, nikamwomba atusikilize. Amesema Lewis atakana kila kitu. Atasema Kaingu aliteleza mwenyewe akaingia chini ya lori. Amesema tukiwa na bampa mkononi hawezi kukana, na bila bampa ni maneno matupu. Baba, nakuomba, lilinde kama mtoto."

Alichukua chungwa lililokuwa juu ya kabati, la pekee, akalimenya, akaligawa. Nusu akampa mumewe, nusu akamnyooshea mgeni. Abdulwahab alikataa mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu ingekuwa ni dharau, akalipokea. Alilitafuna pale mbele yao, halikuwa na ladha yoyote mdomoni mwake, na kila alipotaka kufungua kinywa aseme habari ya mchomo, aliiona ile mikono ya Mbeyu ikiokota maganda sakafuni, akafunga kinywa.

Nje alikaa juu ya ukuta mfupi hata jua likampata. Alipoinuka alikuwa amekata shauri. Angelipeleka bampa polisi kama lilivyo, pande zote mbili. Lililo la Lewis lionekane, na lililo lake lionekane.

*

Saa ileile Lewis alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba ya Abdulwahab, amevua kofia.

"Hodi. Mama Ummi, habari ya siku?"

"Njema. Fundi hayupo."

"Nimekuja kwako kabisa." Alitabasamu. Hakuwa yule wa siku ya honi. "Mama, tusikosane. Mimi sina haja ya kufunga mzee. Nina marafiki watatu wanataka bampa kama ile, mbele na nyuma. Kazi ya mwezi mzima hiyo. Nikiwaambia fundi ni huyu, wanakuja kesho."

"Na Kaingu?"

"Kaingu nitamsaidia pole pole. Si ni kijana wangu? Shida ni hii chuma tu. Ikikaa hapo nyuma kila mtu atakuwa anaiuliza. Iende kwa scrap, iishe. Mimi sisemi, nyinyi hamsemi."

Mwanarusi alishika fremu ya mlango. "Kama kosa ni la mume wangu, mbona wewe ndiwe unayekiogopa chuma?"

Lewis aliirudisha kofia kichwani. Tabasamu lilipungua lakini halikuondoka. "Mama, huko kwa bampa kuna kosa yangu na kuna kosa yake. Nimeiona hiyo welding, mimi si mjinga. Tukizama, tunazama wote. Lakini mimi nikizama nina gari ya kuuza. Nyinyi mna nini?"

Alipokwenda zake, Mwanarusi alikaa juu ya kizingiti bila kufanya kitu. Maneno yale ya mwisho hayakuwa matusi, ndiyo maana yalimwuma. Alizunguka nyuma, akayaondoa makuti, akalitazama lile dude. Alilichukia kama mtu anavyomchukia nyoka aliyeingia chumbani mwa mtoto.

Mnunuzi wa vyuma alikuwa akipita mtaa wa pili na mkokoteni wake, akiita, "Vyuma! Betri mbovu! Sufuria mbovu!" Mwanarusi akamtuma Ummi amwite.

"Mama, hili si la baba?" aliuliza Ummi.

"Nenda ukamwite, nimekwambia."

Mnunuzi alilipiga bampa kwa jiwe, likalia. "Mabomba haya matupu ndani, mama. Uzito hakuna." Mwanarusi alibishana naye, majirani wawili wakisikiliza juu ya ua. Alimwapia kwamba ni chuma kizito, chuma kizuri, kimetengenezwa na fundi hodari. Alijisikia akimsifu mumewe kwa mtu wa mkokoteni ili aongezewe kidogo, akanyamaza katikati ya neno. Akapokea alichopewa. Akasaidia kulipakia.

*

Abdulwahab alirudi jua likiwa bado halijatua. Harufu ya nazi ilimpokea mlangoni. Tangu bampa lirudi walikuwa wakila sima na mchicha, na leo kulikuwa na wali, na kipande cha nguru kwenye mchuzi kwa kila mmoja. Hakuuliza. Alikuwa na njaa ya siku nyingi na moyo mwepesi wa mtu aliyekwisha kuamua. Alinawa, akala mpaka akaramba vidole. Ummi alikula akitazama sahani yake tu.

"Mwanarusi," alisema alipomaliza, "nimemwona Kaingu. Wamemkata."

"Subhanallah."

"Mkewe amenipa chungwa, nikashindwa kuwaambia la mchomo. Kesho ninalipeleka bampa kituoni, nieleze yote. Hata la mchomo. Wakinifunga, wanifunge. Yule mtu hana kingine cha kushika isipokuwa hilo bampa."

Mwanarusi aliendelea kuvikusanya vyombo. Kijiko kikamponyoka, kikaanguka.

"Unasikia?"

"Ninasikia. Halipo."

"Halipo nini?"

"Nimeliuza." Hakuinua uso. "Lewis alikuja. Nikaogopa. Nikamwita mtu wa vyuma akalichukua."

Abdulwahab aliitazama sahani yake iliyokuwa mbele ya Mwanarusi, punje chache za wali zimegandamana na mchuzi. Kisha akainuka, akaenda nje, wakamsikia akiyaparua makuti kule nyuma kwa mikono, akiyatupa huku na huku, ijapokuwa alikwisha kuambiwa kwamba chini yake hamna kitu. Ummi alianza kulia.

*

Asubuhi kila mmoja alikwenda njia yake bila kusemezana. Abdulwahab alikwenda kituoni. Askari aliyempokea alikuwa mtu mstaarabu. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akiandika.

"Kwa hiyo unasema ulimkataza asivutie gari, na pia unasema mchomo wako ulikuwa mbovu."

"Ndiyo, afande."

"Mwenye gari ameandikisha kwamba mnyororo ulifungwa kwenye chesi, na kwamba dereva wake aliteleza. Amesema bampa alilitoa mwenyewe kabla ya safari kwa kuwa halikumpendeza." Askari aliiweka kalamu chini. "Nitaandika uliyoniambia. Lakini bila bampa lenyewe ni neno lako na lake tu; liko wapi?"

"Limeuzwa, afande."

"Na nani?"

Abdulwahab aliiangalia mikono yake yenye makovu ya cheche. "Na mimi," alisema.

Askari alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimshinda kuliko pingu. "Nenda nyumbani, mzee. Ukilipata, njoo."

Mwanarusi wakati huo alikuwa kwenye yadi ya vyuma chakavu, amefunga leso kiunoni, akipanda juu ya milima ya mabati na mafremu ya baiskeli. Alivuta hiki, akainua kile. Kiganja kilimchanika, akakifunga kwa ncha ya leso akaendelea. Mwenye yadi alimwacha atafute, kisha akamwonea imani.

"Mama, utajiumiza bure. Lori la Mombasa limeondoka alfajiri. Hapa chuma hakilali."

"Huko Mombasa linapelekwa wapi?"

"Kwenye tanuri. Saa hizi labda ni maji."

*

Mwanarusi alifika wodini mchana wa jua kali. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na alipomwona Mbeyu ameketi juu ya leso yake, yakamtoka yote kichwani.

"Karibu, mama," alisema Mbeyu. "Umekuja kumwona nani?"

"Nimekuja kwenu. Mimi ni mke wa fundi."

Uso wa Mbeyu ulichangamka. "Karibu, karibu keti. Mumeo mtu mwema sana. Amekwisha kulipeleka?"

Mwanarusi alibaki wima. "Nimeliuza," alisema. "Mimi. Mume wangu hakuwa na habari. Nimeliuza kwa mtu wa vyuma, na leo nimekwenda kulitafuta, limekwenda Mombasa kuyeyushwa. Na kuna jingine. Upande mmoja ulivunjika kwa ubahili wa Lewis. Upande wa pili ulivunjika kwa sababu mume wangu hakuuchoma vizuri. Alitaka kuwaambia akashindwa. Kwa hiyo nimekuja nikwambieni mimi."

Kaingu alifumba macho. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna. Mbeyu alikuwa bado na ule uso wa kumkaribisha mgeni, kama aliyesahau kuuondoa.

"Umeliuza pesa ngapi?"

Mwanarusi akamtajia. Mbeyu alizirudia pesa zile kwa sauti ndogo, kama anayejifunza neno la lugha ngeni.

"Mkanunua nini?"

"Mchele. Na samaki."

"Mkashiba?"

Mwanarusi angeweza kusema uongo, na pengine ungekuwa na huruma zaidi. "Tulishiba," alisema.

Mbeyu aligeukia dirishani, mabega yake yakapanda na kushuka. Mwanarusi alingoja matusi. Alingoja hata kofi, na angelipokea. Lingekuwa ni kitu cha kwenda nacho nyumbani. Halikuja.

Muuguzi alipita na shuka safi mkononi, akaiweka kitandani. "Mama, mgeuze mumeo nimtandikie. Nitakusaidia nikimaliza huku, au huyu ndugu yako akusaidie."

"Si ndugu yangu," alisema Mbeyu.

Alisimama hata hivyo. Alijifunga leso upya, akaingiza mikono chini ya mabega ya mumewe, akajaribu kumwinua. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, na Kaingu alikuwa mrefu. Alimwinua kidogo, akamrudisha, naye Kaingu akaguna kwa maumivu. Akajaribu tena. Mwanarusi alikuwa amesimama palepale, mikono imening'inia, hajui kama ana ruhusa.

Mbeyu alimtazama juu ya kifua cha mumewe. Macho yake yalikuwa makavu sasa.

"Unangoja nini?" alisema. "Pita upande ule. Mshike."

Mwanarusi akazunguka kitanda. Ulikuwa ni upande uliokatwa. Aliinama, akatafuta mahali pa kushika, hakupaona. Mkono wake uliofungwa leso ukagusa bendeji, Kaingu akashtuka mwili mzima, naye akashtuka pamoja naye.

"Pitisha mkono chini ya kiuno," alisema Mbeyu. "Usiogope. Sasa, inua."

Wakamwinua.